Mzee mwenye mchepuko: kisa cha fundi nyavu wa Kigoma, miaka 19 baada ya upasuaji

Mara ya kwanza kumwona nilikosea, na nianzie hapo hapo. Ilikuwa mwaka 2023, kliniki ya magonjwa ya ndani mjini Kigoma, foleni imefika mlangoni. Mzee wa miaka 61, fundi nyavu wa upande wa Kibirizi, aliletwa na mkewe pamoja na kijana wao wa kwanza. Shida yake: usiku hapati usingizi, mchana anasinzia juu ya wavu, na siku nyingine anaongea maneno yasiyoshikana. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Sukari 5.6. Presha nzuri. Nikamuuliza ni mwaka gani, akajibu sawasawa. Nikaandika uzee na mawazo, nikampa diazepamu ya kulalia, nikaita anayefuata.

Siku ya nne akarudi amebebwa.

Nakiandika kisa hiki kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya kando ya ziwa, maana wagonjwa wa namna hii wako wachache lakini wapo, na kwa ndugu wanaowauguza nyumbani. Yanayoweza kumtambulisha mzee nimeyabadilisha.

Safari hii alikuwa amelala usingizi mzito, ukimtikisa anaamka, anamwita nesi kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamutamu ya kitu kilichovunda. Nikamwambia anyooshe mikono, vidole avipandishe juu kama trafiki anayesimamisha gari. Mikono ikakaa sekunde mbili tatu, kisha viganja vikaanguka, vikajirudisha, vikaanguka tena, mithili ya kuku anayejaribu kuruka. Ukishaiona hali hiyo mara moja huisahau. Ni ubongo uliolewa sumu, na mara nyingi sumu hiyo ni ile ambayo ini lilipaswa kuisafisha.

Lakini macho yake hayakuwa na manjano. Tumbo halikuwa na maji. Hakuwa mnywaji, na kipimo cha homa ya ini aina ya B kilikuwa hasi, vilevile cha C. Majibu ya damu yalionyesha ini linafanya kazi yake karibu vizuri tu. Ini zima, ubongo umelewa. Nilipomfunua shati nikaona kovu refu chini ya mbavu za kushoto.

"Hili la nini, mama?"

"Alitolewa bandama, daktari. Zamani hizo, 2004. Alikuwa anatapika damu."

Kijana akatumwa nyumbani kuleta kadi. Ilikuja ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, inanuka dagaa. Ilitoka hospitali kubwa nje ya mkoa wetu. Mstari mmoja ulisema bandama limeondolewa. Chini yake, pembeni, kwa wino uliofifia, kulikuwa na herufi nne: PSRS. Basi. Hakuna maelezo wala tahadhari, wala neno kwa atakayempokea. Kwa hesabu ya mkewe kadi ile ilikuwa imeshapita mikononi mwa watoa huduma watano, na kila mmoja alisoma "bandama" akaishia hapo. Mimi ni wa sita, tena siku ya kwanza sikuomba hata kuiona.

Herufi hizo ni kifupisho cha upasuaji wenye hatua mbili. Kwanza bandama linatolewa. Kisha ncha ya mshipa uliokuwa ukitoa damu kwenye bandama inashonewa kwenye mshipa wa figo ya kushoto. Damu ya matumbo iliyokuwa ikisukumana kuingia kwenye ini inapata njia ya mkato: inapita kwenye mshipa unaotoka figoni, inaingia kwenye mshipa mkubwa wa mwili, inafika kwenye moyo bila kupitia ini. Kwa Kiswahili chetu huo ni mchepuko, kama ule wa barabara inapofungwa kwa ujenzi. Nilipomweleza mkewe kwamba mzee ana mchepuko tangu 2004, kijana aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Mama mwenyewe alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Na wewe daktari umeuonaje?"

Basi nikalazimika kueleza kuanzia mwanzo, na nieleze hivyo hivyo hapa.

Mzee alizaliwa na kukulia ufukweni. Alioga ziwani, akaogelea, akavuta kokoro akiwa mtoto, maji kiunoni. Kichocho cha tumbo, kile kinachoenezwa na konokono wadogo wa maji baridi, kinaingia kwa njia hiyo hiyo. Minyoo wake wanakaa kwenye mishipa ya utumbo na kutaga mayai, na mengi huchukuliwa na damu hadi ndani ya ini, yakakwama kwenye vijishipa vya mwishomwisho. Mwili unayazungushia makovu. Daktari Symmers, aliyekuwa Cairo, mwaka 1904 aliandika kwamba ini la namna hii ukilikata unaona makovu meupe kama mirija ya viko vya udongo iliyochomekwa ndani ya nyama. Nyama ya ini yenyewe, zile seli zinazofanya kazi, kwa kiasi kikubwa zinabaki nzima. Kilichoziba ni mlango.

Mlango ukiziba, damu inarudi nyuma. Bandama linavimba. Damu inajitafutia vichochoro, na kichochoro kibaya kuliko vyote ni mishipa ya chini ya umio, pale chakula kinapoingilia tumboni. Kwa kawaida tofauti ya shinikizo kati ya damu inayoingia kwenye ini na inayotoka haizidi milimita 5 za zebaki. Kwenye sirosisi, yaani ini lililoharibika na kujaa makovu, ambako jambo hili limepimwa sana, ikifika 10 mishipa ya umio inaanza kutuna, na ikipita 12 inaweza kupasuka. Kwenye kichocho kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu kizuizi kipo kabla ya pale kinapopimwa, lakini mwisho wake ni ule ule. Mzee wetu ilimpasukia mara tatu ndani ya miezi kumi na minne. Mkewe anaikumbuka beseni. Mara ya tatu aliongezewa chupa tano za damu.

Sitaki mtu asome hapa akadhani waliompasua walifanya kosa. Siku hizi mgonjwa wa kutapika damu anaingiziwa kamera, mishipa inafungwa kwa vipira, anapewa propranolol ya kupunguza shinikizo, na wengi hawahitaji kisu. Kwa mtu wa Kigoma mwaka 2004 huduma hiyo ilikuwa mbali. Mpasuaji aliyekuwepo alikuwa na mgonjwa aliyekaribia kufa mara tatu, na mikono yake mwenyewe. Mchepuko ulimfanya mzee aone wajukuu. Kwa miaka 19 hakutapika damu tena hata tone.

Tatizo ni kile alichokipata badala yake, na kwamba hakuna aliyeambiwa akingojee.

Nilipouliza hali hii humpata lini, mkewe alinitazama kama anayepima kama nitamcheka. "Humshika mbalamwezi," akasema. Kwa ukoo hilo lilikuwa limeshapata tafsiri: jini la ziwani, linalopanda mwezi ukijaa. Walishakwenda kwa mganga mara mbili, na mara zote mbili alipata nafuu baada ya siku kama saba, jambo lililompa mganga sifa.

Sikucheka. Ndugu wakikuambia ugonjwa una ratiba, ichukue ratiba hiyo. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza. Taa zao zinavuta samaki usiku usio na mwezi. Mwezi ukijaa mitumbwi inapandishwa mchangani na watu wanarudi nyumbani kwa siku saba nane hivi. Kwa fundi nyavu hapo ndipo kazi inapoanza. Nyavu za mwezi mzima zilizochanika zinarundikwa uani kwake na kila mwenye nazo anataka yake kwanza. Mzee anakaa chini kutwa nzima, hanyanyuki, maji anakunywa kidogo, choo kinafunga siku tatu, nne. Jioni vijana wake wanne wako nyumbani na hela ya mavuno mfukoni. Mbuzi anachinjwa. Baba anapewa ini na paja.

Nyama nyingi kwa wakati mmoja, juu ya utumbo uliofunga. Bakteria wa utumboni wanaivunja na kutoa amonia, ndiyo ile sumu niliyoitaja. Kwa mtu mwingine ini lingeikamata yote mlangoni, lakini kwa mzee nyingi inapita kwenye mchepuko na kwenda moja kwa moja kichwani. Giza likirudi, vijana wanaondoka, nyama inaisha, mzee anatembeatembea, tumbo linafunguka. Akili inarudi. Mganga anashukuriwa.

Na dalili ya mapema kabisa, ile ya kulala mchana na kukesha usiku, nayo ilijificha palepale. Kwenye nyumba ya wavuvi nani atashangaa mtu akikesha?

Yupo aliyewahi kuliona hili kabla yetu sote, nalo halikuwa kwa binadamu. Mwaka 1877 huko St. Petersburg, Nikolai Eck aliunganisha mshipa wa mbwa unaoingiza damu ya matumbo kwenye ini na mshipa mkubwa wa mwili. Kati ya mbwa wake wanane, aliyeishi zaidi aliishi miezi miwili na nusu, kisha akatoroka. (Mgonjwa wa kwanza wa mchepuko duniani, na wa kwanza kupotea kliniki.) Mwaka 1893 Ivan Pavlov na wenzake walirudia upasuaji ule, wakaona mbwa wakila nyama wanapepesuka, wanapofuka, wanadegedega. Wengine walianza kuikataa nyama wenyewe. Zaidi ya miaka 50 baadaye, 1945, Allen Whipple wa New York alitangaza matokeo ya kuwafanyia watu upasuaji wa aina hiyo, na baada ya hapo ukaenea kwa kasi.

Majaribio ya miaka ya 1960 na 1970 kwa wagonjwa wa sirosisi yalitoa jibu ambalo bado ndilo msingi: mchepuko mpana unazuia damu vizuri sana, ila hauongezi maisha kwa namna inayoonekana, na unaongeza kuchanganyikiwa. Ini lililochoka linanyimwa hata damu kidogo lililokuwa likiipata. Ndipo mwaka 1967 Dean Warren na wenzake wakabuni mchepuko wa kuchagua: bandama linaachwa mahali pake, na upande wa mshipa unaotoka kwenye bandama ndio unaopelekwa kwenye figo. Mishipa ya umio inapumulia kupitia bandama, damu ya utumbo inaendelea kwenda kwenye ini. Hata huo, miaka ikipita, damu hujichimbia vichochoro kupitia kongosho na uchaguzi ukapungua. Mwaka huo huo Hassab wa Misri, nchi inayokijua kichocho kuliko wengi, alieleza njia isiyo na mchepuko kabisa: toa bandama, kata na funga mishipa yote inayopeleka damu kwenye sehemu ya juu ya tumbo na umio.

Sasa, ipi kwa mgonjwa wa kichocho? Swali hilo Wabrazili walilijibu kwa wagonjwa 94 walioingizwa kwa kura kwenye makundi matatu na kufuatiliwa kwa miaka, matokeo ya muda mrefu yakatangazwa 1994. Kutokwa damu tena hakukutofautiana sana. Kuchanganyikiwa kulitofautiana kama usiku na mchana: kwenye upasuaji aliofanyiwa mzee wetu, karibu wagonjwa 4 kati ya 10, kwenye ule wa Warren, kama 1 kati ya 7, kwenye ule wa kufunga mishipa bila mchepuko, hakuna. Vifo navyo vilifuata mpangilio huo huo.

Mimi naona jibu hilo lina uzito zaidi huku kwetu kuliko linavyosomwa. Mgonjwa wa sirosisi ini lake linaweza kumaliza safari kabla madhara ya mchepuko hayajakomaa. Mgonjwa wa kichocho ana ini linalofanya kazi na mara nyingi ni kijana. Ukimwokoa kwenye damu ataishi. Atakuwa na miaka 20, 30 ya kubeba ulichomwachia. Kwa hiyo upasuaji uliofaa kwa usiku wa kwanza unaweza kuwa ndio usiofaa kwa mwaka wa kumi na tisa.

Kuna anayeuliza kuhusu ile njia mpya, ya kupitisha mrija wa waya kutoka shingoni mpaka ndani ya ini bila kupasua tumbo, ijulikanayo kama TIPS. Ni nzuri, na kwa mgonjwa asiyeweza kustahimili upasuaji ni mkombozi. Lakini nayo ni mchepuko. Utafiti wa Marekani uliotangazwa 2006, wagonjwa 140 wa sirosisi, uliilinganisha na upasuaji wa Warren: kutokwa damu kulijirudia kwa asilimia 10.5 upande wa mrija na 5.5 upande wa kisu, kuchanganyikiwa kulifika karibu nusu pande zote mbili, na uhai ulikuwa sawa. Ila waliohitaji kurudishwa mezani kurekebishwa walikuwa asilimia 82 kwa mrija, 11 kwa kisu. Mirija ya siku hizi imevikwa utando na haizibi kirahisi hivyo. Hata hivyo, kabla sijampendekezea mtu wa Kalya, kijiji cha mbali kando ya ziwa, kitu kinachohitaji kuchunguliwa kila baada ya miezi, nitamuuliza kwanza boti inapita siku gani.

Turudi wodini. Diazepamu niliyompa mwenyewe ndiyo iliyomsukuma hadi kubebwa. Dawa za usingizi kwa ubongo wa namna hii ni kumsukuma mtu aliyekaa ukingoni. Tulizisimamisha. Tulimsafisha tumbo kwa maji, tukampa laktulozi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 30 kila baada ya saa chache mpaka akaenda choo, halafu tukapunguza apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Tulitafuta maambukizi, maana asiye na bandama hujikinga vibaya na bakteria na malaria, hayakuwepo. Kipimo cha amonia hatukuwa nacho, na hakikuhitajika. Mwenzangu wa ultrasaundi aliwasha rangi zinazoonyesha mwendo wa damu, akatuonyesha mshipa wa figo ya kushoto umetanuka na mkondo unaingia humo kwa nguvu, wazi kabisa baada ya miaka yote hiyo. Fundi aliyeshona alikuwa fundi.

Siku ya pili kijana alileta kipande cha wavu na sindano ya kushonea. Wazo lilikuwa lake, si langu. Mzee alikipokea, vidole vikajua vyenyewe pa kupita. Jicho la kwanza likatoka, la pili, la tatu. La nne alizungusha uzi, akavuta, akaenda kwenye la tano bila kufunga fundo. Hakuona. Alishona macho tisa, mafundo matano, akaweka chini akiwa ameridhika. Siku ya tano alishona macho kumi na mawili na kila moja lilishika. Kisha akakigeuza kile kipande cha siku ya pili, akakitazama, akauliza ni mjinga gani aliyekishona.

Tangu siku hiyo ndicho kipimo cha nyumbani. Kila asubuhi macho kumi. Fundo likikosekana, dozi ya laktulozi inaongezwa na choo kinahesabiwa. Yakikosekana matatu, anakuja hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu chakula ilinibidi nipingane na Pavlov kidogo. Wengi tukisikia ini na amonia tunakataza protini yote, mgonjwa anakonda, na misuli inayosaidia kuondoa amonia inaisha. Mzee anakula maharage ya Kasulu, dagaa, maziwa, amegawa kidogo kidogo kutwa nzima, na uji kabla ya kulala asikae na njaa usiku kucha. Nyama hajakatazwa. Vipande viwili, si paja. Mapapai ya uani yanasaidia wiki ambayo laktulozi imeisha dukani, na wiki hizo zipo. Metronidazoli, dawa ya kuua bakteria wa utumboni, tuliitumia kwa siku chache tu. Ukiizoesha inaharibu neva za miguu.

Tulijadiliana pia kuhusu kuuziba mchepuko au kuupunguza, na tukampeleka Mwanza, kwa barabara ya Nyakanazi na kivuko cha Busisi, akachunguzwe kwa kamera. Mishipa ya umio ilikuwa midogo, imelala. Ukiziba, shinikizo linarudi palepale lilipokuwa 2004 na damu itatafuta pa kutokea. Kwa mtu anayedhibitiwa kwa choo laini na mafundo kumi, sikuona sababu ya kucheza kamari hiyo. Ikishindikana, tutalifungua tena jambo hilo.

Yeye na vijana wake wote wanne walipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, miligramu 40 kwa kila kilo. Kwake haitayeyusha makovu ya zamani, lakini itaua minyoo iliyobaki. Kwa vijana huenda bado mapema. Alichanjwa pia dhidi ya nimonia, chanjo ambayo asiye na bandama anapaswa kuipata.

Mwezi uliofuata mbalamwezi ilikuja, mbuzi akachinjwa, mzee akala vipande vyake viwili, akashona mpaka jua linazama huku mjukuu akimwinua kila saa moja. Alikuja kliniki kwa miguu yake. Kadi ya zamani niliibandika ndani ya daftari jipya, na kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika kwa herufi kubwa kwamba hana bandama, kwamba mshipa wake umeunganishwa na wa figo ya kushoto tangu 2004, kwamba asipewe dawa za usingizi, na kwamba akichanganyikiwa waanze na choo. Mkewe alichungulia begani kwangu nilipofika kwenye lile neno.

"Hapo andika vizuri, daktari," akasema. "Andika mchepuko wa tumboni."

Nikaongeza neno la tumboni.